Ngome Nne kwa Siku Moja? Jibu kwa Msomaji wa Manchester

SWALI: Tupo kikundi cha Waswahili hapa Manchester, watu 46, wakiwemo wazee watano na watoto kumi na mmoja. Jumamosi moja ya Agosti tunataka kukodi basi twende kuona ngome za kale za kaskazini mwa Wales: Conwy, Beaumaris, Caernarfon na Harlech, kisha turudi jioni. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuongoza safari na kueleza historia. Je, ngome nne kwa siku zinawezekana? Na nipange vipi watu wasije wakasema wamelipa hela kwenda kutazama mawe?

JIBU: Dada, nne haziwezekani kwa basi. Mbili zinawezekana, na zinatosha kabisa: Conwy asubuhi, Caernarfon mchana. Tuanze na hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokusaidia kuwajibu watakaolalamika kwamba umewapunja.

Kutoka Manchester hadi Conwy, kwa M56, kisha A494, kisha A55, basi linachukua kama saa mbili. Conwy hadi Beaumaris ni dakika 40. Beaumaris hadi Caernarfon ni dakika 35 au 40. Caernarfon hadi Harlech ni zaidi ya saa nzima, barabara nyembamba na zenye kona. Kutoka Harlech kurudi Manchester unakata milima, na saa tatu zinaisha. Hapo umekaa kwenye kiti zaidi ya saa saba. Usiamini muda unaopewa na ramani ya simu, kwani huo ni wa gari dogo. Basi la abiria Uingereza limefungwa kidhibiti mwendo lisizidi kilomita 100 kwa saa, na kwenye mizunguko na vilima vya A55 linapoteza kasi. Ongeza robo juu ya muda wa simu ndipo ukaribie ukweli.

Halafu kuna muda usioonekana kwenye ramani yoyote. Watu 46 hushuka kwa dakika kumi. Kupanda, ukichanganya na kuhesabu na kumsubiri mmoja aliyekwenda chooni, ni dakika kumi na tano. Kila kituo kinakula karibu nusu saa kabla hujaliona jiwe hata moja. Vituo vinne ni saa mbili. Weka saa moja na nusu ndani ya kila ngome na muda wa kula, na safari yako imefika saa 16.

Dereva haruhusiwi kufanya hivyo. Saa zake zinaandikwa na takografu iliyomo garini. Kwa siku haendeshi zaidi ya saa tisa (mara mbili kwa wiki anaruhusiwa kumi), na baada ya kuendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, ambazo anaweza kuzigawa 15 kisha 30. Hayo ni mepesi, maana mkiwa ndani ya ngome yeye anapumzika. Linalobana ni mapumziko ya usiku. Lazima apate saa 11 mfululizo kabla ya kazi ya kesho, kwa hiyo siku yake, tangu anapokabidhiwa basi hadi anapolirudisha, kwa kawaida haizidi saa 13. Mapumziko yanaweza kupunguzwa hadi saa tisa, siku ikafika saa 15, ila si zaidi ya mara tatu kati ya mapumziko mawili ya wiki. Ratiba ninayokupa hapa chini inampeleka kwenye karibu saa 14. Waambie kampuni mapema, kwa maandishi, ili wakupangie dereva ambaye bado ana nafasi hiyo. Ukinyamaza, siku ya safari dereva atakuambia saa tisa alasiri kwamba lazima muondoke, na atakuwa sahihi.

Kwa nini Conwy na Caernarfon? Conwy ndiyo iliyo karibu na ndiyo rahisi kusomeka. Mtu ambaye hajawahi kuona ngome ya aina hii akiingia pale anaelewa. Pia ndiyo yenye ngazi za kuchosha, basi ifanyeni asubuhi miguu ikiwa mizima. Caernarfon ni kubwa zaidi, ina majani katikati ambapo watoto watakimbia, na tangu 2023 kuna lifti kwenye Lango la Mfalme inayomfikisha juu hata mzee mwenye kiti cha magurudumu. Beaumaris ina mchoro mzuri kuliko zote, lakini haikumalizwa, ni fupi, na uzuri wake unaonekana zaidi kwenye karatasi kuliko ukiwa umesimama chini. Iwekeni mwaka ujao pamoja na sehemu nyingine za kisiwa cha Anglesey. Mkifanya hivyo, basi lipite daraja la Britannia. Daraja la kuning'inia la Menai, la mwaka 1826, limekuwa na vizuizi vya uzito na Oktoba 2022 lilifungwa kabisa kwa muda. Harlech inataka siku yake.

Ratiba ni hii. Watu wafike kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari liondoke saa moja kamili. Conwy saa tatu na robo, lango linafunguliwa saa tatu na nusu. Ndani ya ngome hadi saa tano na robo. Ukuta wa mji, vyoo na gati hadi saa sita na robo. Gari liondoke saa sita na nusu, lifike Caernarfon saa saba na robo. Chakula na sala hadi saa nane na robo. Ngome hadi saa kumi na robo. Nusu saa ya vyoo, chai na aiskrimu, na saa kumi na moja kasorobo mnaondoka. Manchester saa moja na robo jioni, Mungu akipenda. Julai na Agosti ngome hizi hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo una akiba ya muda barabara ikichelewesha. Majira ya baridi hufungwa saa kumi jioni, na ratiba hii haiwezi kukaa. Thibitisha saa kwa Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo haya, kabla hujakusanya pesa.

Jambo moja ambalo limeharibu safari nyingi za Waswahili wa Ulaya: andika kila saa kwa namna mbili. Kijana aliyezaliwa Manchester ukimwambia muonane kwenye basi "saa sita na robo", atakuja na simu yake mkononi akijua ana jioni nzima. Kwenye ujumbe wa kikundi weka "saa sita na robo mchana (12:15)", na kwenye basi rudia kwa kipaza sauti mara mbili. Dereva mpe ratiba yake ya Kiingereza iliyopigwa chapa.

Sasa uongozaji wenyewe. Kiswahili kinatofautisha ngome na kasri. Ngome ni ya askari, kasri ni ya mfalme. Majengo haya ni vyote viwili kwa pamoja, na pale Conwy unaweza kuwaonyesha watu mpaka kwa kidole. Shika uzi huo siku nzima, utakubeba.

Historia ielezwe ndani ya basi, kwa Kiswahili, kabla hamjafika. Usiongee Manchester mjini, watu bado wanapanga mifuko. Anza mkishaingia A55, dakika ishirini tu, ukiwa umekaa kwenye kiti cha mbele na mkanda umefungwa, usisimame kwenye korido. Ukikodi mwongoza watalii mwenye beji ya Blue Badge, jambo ninaloliunga mkono kama bajeti inaruhusu, usimtafsiri sentensi kwa sentensi. Maelezo ya dakika arobaini yatakuwa themanini, na mvua haisubiri. Wewe toa msingi kwa Kiswahili ndani ya basi, yeye aonyeshe vitu kwa Kiingereza kifupi, na anayehitaji tafsiri akae karibu nawe.

Ndani ya dakika hizo ishirini sema haya. Wales ilikuwa na watawala wake, na ufalme wenye nguvu kaskazini ulikuwa Gwynedd. Mwaka 1267 Waingereza walimkubali Llywelyn ap Gruffudd kuwa Mwanamfalme wa Wales. Mfalme Edward wa Kwanza akampiga vita mwaka 1277, kisha tena 1282. Llywelyn aliuawa Desemba 11, 1282, na mdogo wake Dafydd akanyongwa Shrewsbury mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1283 Edward alianzisha ngome tatu, Conwy, Caernarfon na Harlech, chini ya usimamizi wa fundi mkuu aliyetoka Savoy, James wa St George. Mahali pa Conwy palikuwa na nyumba ya watawa ambamo alizikwa Llywelyn Mkuu, babu yake huyo aliyeuawa. Edward aliwahamisha watawa, akajenga ngome katika eneo hilo, na ubavuni akaweka mji wa wahamiaji Waingereza wenye ukuta wake. Watu wa Pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Wameiona Fort Jesus, wanajua ngome ya mgeni inamwambia nini mwenye nchi. Leo bendera zinazopepea juu ya minara hiyo ni za Wales, na watu wengi wa pale bado wana uchungu na hadithi hii. Izungumzie kwa heshima.

Watakuuliza jinsi ya kutamka majina, na hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Katika lugha ya Wales, dd ni dh yetu ya "dhahabu", ch ni kh ya "kheri", th ni ya "thelathini". Herufi f moja husomwa v, mbili ff ndiyo f. W mara nyingi ni u. Basi Gwynedd ni "Gwinedh" na Caernarfon ni "Kairnarvon". Wafundishe watoto, watashangaza watu mlangoni.

Karibu na Abergele, upande wa kushoto, itatokea ngome kubwa yenye minara katikati ya miti, na nusu ya basi itapiga kelele. Hiyo ni Gwrych, nyumba ya tajiri iliyojengwa karne ya 19 kwa mtindo wa kizamani. Itumie kuwauliza: mbona madirisha makubwa hivyo? Mwenye ngome ya kweli hafungui dirisha ambalo mtu mzima anapita. Wakishalijua hilo, wana macho mapya kabla ya kufika.

Kufika Conwy, mwambie dereva atoke A55 kabla ya handaki linalopita chini ya mto, avuke daraja lililo mbele ya ngome. Mji wa ndani ni wa njia finyu na matao ya kuta yalijengwa kwa mikokoteni. Basi lisijaribu kupita tao lolote. Kampuni ithibitishe mapema mahali pa kushusha watu na pa kuegesha, na wewe uulize kama ada ya maegesho imo kwenye bei.

Kabla hamjaingia, simama nje uwaonyeshe vitu viwili kwenye minara. Cha kwanza ni mistari ya matundu ya mraba inayopanda kwa mshazari ikiuzunguka mnara. Humo ndimo ilimochomekwa miti ya jukwaa, na kwa sababu jukwaa lilipanda kama barabara, mafundi walipandisha mawe juu yake bila kuinua kila jiwe kwa kamba. Fundi ujenzi yeyote ndani ya kundi lako atalichukua somo hilo akupokonye kazi ya kueleza, mwachie. Cha pili ni mabaki ya lipu nyeupe. Ngome hii ilipakwa chokaa. Mawe haya ya kijivu mnayoyaona yaling'aa kama nyumba za Mji Mkongwe, na aliyekuja kwa mashua aliiona kutoka mbali sana.

Kisha waingize kama maadui. Usiwaache watawanyike mlangoni, maana hilo ndilo kosa linaloifanya ngome iwe rundo la mawe. Tembea nao kwa njia ya mshambuliaji na kila baada ya hatua chache uulize, nani anakuona sasa, na kutoka wapi? Kwanza ua mdogo wa mbele wa lango la magharibi, wenye kuta pande zote. Kisha mlango mwembamba. Wainue vichwa. Pale juu ya njia askari waliweza kuangusha mawe. Watu watataka kusikia habari za mafuta yanayochemka. Waambie mafuta yalikuwa ghali, jiwe na maji vilipatikana bure. Vilevile usiwasimulie kwamba ngazi za mzunguko zilijengwa kuelekea kulia ili kumfunga mikono adui. Wataalamu wa leo hawaikubali hadithi hiyo, na ngazi za kuelekea kushoto zipo kwenye ngome nyingi.

Ukishapita lango umo kwenye ua wa nje. Hapa ni ngome. Waliishi askari, kulikuwa na jiko na zizi, na upande wa kulia ukumbi mkubwa wenye urefu wa karibu mita 38, uliopinda kwa sababu unaufuata mwamba. Mwisho wa ua kuna kisima kilichochimbwa ndani ya mwamba, kina chake karibu mita 28. Simama hapo. Mbele yako ulikuwapo mtaro uliochongwa mwambani, daraja la kuinua, na ukuta mwingine. Ukivuka unaingia ua wa ndani, na hapa ni kasri. Vyumba vya mfalme na malkia viko juu, na kanisa dogo lao limo ndani ya mnara mmoja, dari yake bado nzima. Angalia juu: minara minane yote ni mikubwa, ila minne ya upande huu ndiyo yenye vimnara vidogo kichwani. Aliyekuwa baharini aliviona akajua ni upande gani mfalme anakaa. Hata askari wakishindwa kwenye ua wa nje, mfalme alikuwa na ngome ya pili ndani ya ile ya kwanza, na mlango wake wa nyuma wa kushukia mtoni.

Mlango huo wa mtoni usiupite kwa haraka. Watu wa Wales walipoasi mwaka 1294 chini ya Madog ap Llywelyn, Edward mwenyewe alinaswa Conwy, akazingirwa Desemba hadi Januari. Kilichomwokoa ni meli. Ngome zake zote nne ziliwekwa mahali ambapo chombo kinaweza kuleta chakula, kwa sababu nchi kavu yote ilikuwa ya adui. Fort Jesus nayo ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, na hesabu ilikuwa ileile: nani ana njia ya bahari. Na ukiwauliza watu wangapi walilinda jengo hili lote, watasema elfu moja. Waraka wa mwaka 1284 unataja askari 30, kumi na watano wao wakiwa wapiga upinde wa mtambo, pamoja na seremala, kasisi, mhunzi, fundi mitambo na mwashi. Ukuta ndio uliofanya kazi ya jeshi. Tena watu wa Wales hawakukosa njia ya kuuzunguka: Ijumaa Kuu ya mwaka 1401 walinzi walikwenda kanisani, na wafuasi wa Owain Glyndŵr, kiongozi wa waasi wa Wales, wakaingia kwa kujifanya mafundi seremala. Hii ndiyo hadithi ambayo watoto wataikumbuka hadi shule, imalizie hapo.

Baada ya hapo wagawe. Wenye nguvu wapande ukuta wa mji, hakuna kiingilio. Una urefu wa karibu kilomita 1.3, minara 21 na malango matatu. Wapande hadi mnara wa juu kabisa upande wa magharibi, na wageuke nyuma. Picha ya siku iko hapo, ngome na mto na mji mzima kwa pamoja. Karibu na lango la kusini, lile la vinu, waoneshe vyoo kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja vikitokeza nje ya ukuta. Wazee na wenye watoto wachanga washuke gatini, ni tambarare, na pale kuna nyumba inayohesabiwa kuwa ndogo kuliko zote Uingereza, upana wake mita 1.8 tu.

Kuhusu ngazi, nikuombe usimame imara. Ngazi za mzunguko Conwy ni nyembamba, zimelika katikati, na hazina nafasi ya watu wawili kupishana vizuri. Mwenye baibui, kanga au gauni refu ashike upindo kwa mkono mmoja na kamba ya ukutani kwa mkono wa pili. Hiyo maana yake simu imo mfukoni na mtoto hajabebwa. Kanyageni upande wa nje, ambako jiwe ni pana. Anayeshuka husubiri juu hadi anayepanda afike. Watoto chini ya miaka minane, kila mmoja na mtu mzima wake, si wawili kwa mmoja. Ndara na viatu vya kisigino vibaki kwenye basi. Upepo ukiwa mkali wahudumu hufunga minara ya juu bila kurudisha pesa, kwa hiyo usiahidi mtu kilele.

Caernarfon mkifika njaa imeshauma, msianze na ngome. Ng'ambo ya mto Seiont, kwa daraja la miguu lililo chini ya ngome, kuna mahali pa wazi panapotazamana na kuta, na ni pazuri kwa pilau na kwa sala. Daraja hilo hufunguliwa kupisha vyombo, usiwaache wachelewaji ng'ambo. Adhuhuri kule, saa za kiangazi, inaingia baada ya saa saba na robo mchana, kwa hiyo ratiba yako imeangukia vizuri. Kibla ni kusini-mashariki. Chukueni mkeka, chupa za maji ya udhu na mifuko ya taka. Chakula cha moto kiwe kwenye hotipoti zilizofungwa kwa kitambaa na ziwekwe buti la chini. Makampuni mengi hukataza kula chakula cha moto ndani, na gari likifunga breki mchuzi unamwagikia mtu.

Nje ya ngome, kabla ya kuingia, wape dakika tano za kutazama ukuta tu. Minara ya Conwy ni ya duara, hii ina pembe. Conwy ilipakwa nyeupe, hapa mawe yamepangwa mistari ya rangi mbili. Wengi wanaona humo mfano wa kuta za Konstantinopoli. Karibu na hapo kuna mabaki ya Segontium, kambi ya Warumi, na Edward alitaka aonekane mrithi wa watawala wa Roma. Hapa ndipo mwanawe, atakayekuwa Edward wa Pili, alizaliwa Aprili 1284. Na hapa ndipo Charles, mfalme wa sasa, alivikwa taji la Mwanamfalme wa Wales mwaka 1969. Wazee wako huenda wanaukumbuka mwaka huo.

Ndani nendeni kwenye Lango la Mfalme mgeuke nyuma yake. Mawe yametokeza ukutani kama meno, moja ndani moja nje. Kila aliyejenga Dar au Mombasa anayajua hayo. Ni meno anayoyaacha fundi ili ukuta unaofuata uje ushikamane, kama nondo tunazoziacha juu ya paa tukisema tutapandisha ghorofa Mungu akijalia. Ukuta uliofuata haukujengwa. Kazi ilianza 1283, ikaendelea hadi 1330, ikameza pauni kati ya 20,000 na 25,000 za wakati ule, na hazina ikachoka. Lango lilikusudiwa liwe na milango mitano na malango sita ya kushuka, yale ya mbao nene zilizofungwa vyuma. Waache watu wahesabu njia zake ukutani, mifereji bado ipo.

Kisha waingize kwenye njia zilizomo ndani ya unene wa ukuta wa kusini. Kwenye ukuta unaotazama mji kuna matundu ya mishale ambayo kwa nje ni mwanya mmoja, kwa ndani yana nafasi tatu. Wapange watoto watatu, kila mmoja kwenye nafasi yake, na mtu mmoja asimame nje. Aliye nje hawezi kujua mshale unatoka kwa nani. Mnara wa Tai, wenye vimnara vitatu, ndio wa kupanda kama miguu inaruhusu. Wazee wachukue lifti.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Jumlisha basi, maegesho, tiketi, mwongozaji na bakshishi ya dereva, ongeza sehemu moja kwa kumi, kisha gawanya kwa watu 40, si 46. Wengine watajitoa wiki ya mwisho, na basi bei yake haishuki. Tiketi agiza kama kundi. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, na mlemavu na msaidizi wake hawalipi, hivyo wahesabu kabla. Kwenye basi uliza mambo manne: mikanda kwenye kila kiti, kipaza sauti kinachofanya kazi, choo, na lifti ya kiti cha magurudumu. Hiyo ya mwisho iulize kwanza kabisa, kwa kuwa kiti kimoja cha magurudumu huondoa viti kadhaa vya kawaida, na basi la siti 49 linaweza lisiwatoshe tena.

Gawa watu makundi matano, kila moja na kiongozi anayehesabu watu wake tu na kukuonyesha kidole gumba. Kuhesabu vichwa 46 peke yako kwenye korido, huku watu wakibadilishana viti, utakosea mara mbili kati ya tatu. Kabla ya kuondoka Caernarfon hesabu gari likiwa limezimwa, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya kila kiongozi, si yako pekee.